Panya Wawili wa Papa Sumaili

Zawadi alinipigia simu saa nne asubuhi kuniambia kwamba baba yake, Papa Sumaili, amefariki, nami nikapanda pikipiki kutoka Kindu, nikafika Kasongo kesho yake jioni, mgongo unaniuma na vumbi jekundu limenijaa hadi masikioni. Matanga yalikuwa na watu wengi. Vijana waliokaa kwenye mabenchi ya mbao walimjua marehemu kama fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mzee aliyekuwa akitega sikio moja kwenye mkanda unaozunguka kisha anakuambia ni bolti ipi imelegea. Mmoja wao alisogea karibu nami akauliza kwa sauti ya chini: "Mama Feza, ni kweli huyu muzee alikuwa fundi ya ndege za vita? Zile zenye kupita sauti?" Nikamwambia ni kweli. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayemwachia mama mzee maneno yake. Baadaye waliniomba niseme neno. Nilisimama, nikasema Papa Sumaili alikuwa mtu wa subira, alinipa chumba nilipokuwa kijana, Mungu amweke pema, nikakaa. Yote niliyosema yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomgusa mtu mwenyewe. Njia nzima ya kurudi nilijilaumu. Ndiyo maana naandika sasa habari za mwaka ule mmoja nilioishi kwake. Nilizaliwa na nani, nilipitaje shuleni, hayo nayaacha. Hayana uzito hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini, na diploma ya taifa ya kumaliza sekondari ambayo wino wake haujakauka vizuri, na nchi bado inaitwa Zaire. Nilipewa kufundisha fizikia katika shule ya sekondari ya wasichana pale Kasongo, si kwa sababu niliijua, bali kwa sababu mwalimu wa zamani alikuwa amehama na mimi nilikuwa wa kwanza kuingia ofisini kwa mkuu wa shule. Kitabu kilikuwa kimoja, cha Kifaransa, kimekatika kurasa za mwisho. Chumba changu kwa Papa Sumaili kilikuwa nyuma ya nyumba: kitanda, meza iliyolemaa mguu mmoja, na dirisha lililotazama kiwanja cha simenti walikoanika mpunga. Ukuta mmoja ulikuwa wa matofali, lakini ule uliotenga chumba changu na sebule yao ulikuwa wa matete yaliyokandikwa udongo juu juu tu, kwa hiyo nilisikia kila kitu: kikohozi cha Papa, redio yenye kukwaruza, na Mama Mwayuma, mke wake, akiwahesabia watoto makosa yao ya siku. Nilikula nao. Wali wa Kasongo, ule wenye harufu yake, sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa hadi yakawa laini na kumwagiwa mawese, na siku za soko samaki wa kukaushwa kutoka Nyangwe. Mama Mwayuma alikuwa na desturi ya kunipakulia mara ya pili bila kuniuliza, huku akisema walimu wote ni wembamba kwa sababu wanakula vitabu.

Siku ile ya kwanza ninayoikumbuka, nilikuwa najitayarisha kufundisha somo la sauti. Njia yangu ya kujitayarisha ilikuwa kusoma ukurasa kwa sauti kubwa mpaka uingie kichwani, kisha kwenda kuutapika mbele ya wasichana nao wauandike. Papa Sumaili alikuwa amekaa chini ya dirisha langu, anashona mkanda wa mashine iliyoletwa kutoka Lusangi. Alikuwa mtu mfupi, mabega mapana, vidole vimekakamaa lakini vyepesi. Alinisikiliza nikirudia mara ya tatu kwamba sauti husafiri hewani mita mia tatu arobaini kwa sekunde, halafu akainua kichwa.

"Mwalimu, nikuulize kitu?"

"Uliza, Papa."

"Sauti njo habari yenye hewa inapelekeana. Hewa hii inasukuma mwenzake, mwenzake anasukuma wa mbele. Ni vile?"

"Ni vile."

"Sasa kama kuna kitu chenye kukuja mbio kupita ile habari, hewa ya mbele itajua namna gani kama kinakuja?"

Nikatazama kitabu, kana kwamba jibu lingepanda lenyewe juu ya ukurasa. "Haitajua," nilisema mwishowe.

"Haitajua," akasema, akarudia kushona. "Itashituka tu. Na mutu mwenye kushituka hauwezi kumutuma kazi saa ile ile."

Sikufundisha somo lile vizuri kesho yake, maana swali lilikuwa limeniingia. Nilirudi nikamkalia kitako mpaka akaniambia alikojifunza mambo hayo. Kumbe alikuwa ametumika miaka tisa katika uwanja mkubwa wa ndege za vita, mbali kusini, na kabla ya hapo walimpeleka Ulaya miezi kumi kujifunza. Alikuwa fundi wa sehemu moja tu, mdomo wa hewa, pale ubavuni ambapo ndege humeza hewa na kuipeleka kwenye injini. Mimi nilikuwa nikidhani ni tundu tu, kama tundu la bomba. Papa Sumaili alicheka mpaka akaweka sindano chini. Akanieleza kwamba injini haipendi hewa yenye mbio. Mapanga yale ya mbele, yenye kuzunguka na kuibana hewa, yanataka hewa inayotembea, tena iliyotulia kila upande. Lakini ndege yenyewe inakwenda mara mbili ya sauti, hewa inaingia kama risasi. Basi ni lazima uipunguze mwendo ndani ya nafasi fupi kama kitanda changu, bila kuizuia na bila kuivuruga. Na kazi hiyo inaanza na kitu kilichochongoka, nusu ya koni, kinachokaa katikati ya mdomo wa kila upande. Wale waliomfundisha walikiita panya. Ndege inapoongeza mwendo, panya anatoka mbele kidogo kidogo. Wimbi linalozaliwa kwenye pua yake linalala upande, na linatakiwa lianguke sawasawa juu ya ukingo wa mdomo. Likianguka ndani, ni shida. Likianguka mbali nje, hewa inapotea. "Panya wawili," alisema, "wa kuume na wa kushoto. Inafaa watembee pamoja kama miguu ya mutu moja."

Nilimwamini, lakini sikuona. Hilo lilinisumbua zaidi ya vile ninavyoweza kueleza leo, nikiwa nimefundisha maisha yangu yote na nimezoea kuwaambia watoto mambo wasiyoyaona. Wakati ule nilitaka kuweka jicho juu ya wimbi lile. Siku moja ya Novemba mvua ilinyesha kubwa mchana, nikawa nimekaa dirishani natazama maji yakishuka juu ya simenti ya mpunga. Yalikuwa membamba kama kitambaa na yanakimbia. Kulikuwa na kokoto moja imekwama kwenye ufa, na kutoka kwake mistari miwili ilikuwa imefunguka kwenda chini, kama miguu ya bata, imesimama pale pale haitikisiki. Mbele ya kokoto, upande yanakotoka, maji yalikuwa laini kabisa. Hayakujua kwamba kuna kokoto. Nilikumbuka ukurasa wa kitabu uliosema kwamba katika maji membamba mawimbi yana mwendo wake, na kadiri maji yanavyokuwa membamba ndivyo mwendo huo unavyopungua. Basi haya yalikuwa yakikimbia kuliko mawimbi yake yenyewe, kama ndege inayoipita sauti. Nilitoka bila viatu nikipiga kelele: "Papa! Papa Sumaili! Kuja uone!"

Alitoka na fulana tu, mvua ikimpiga, akachuchumaa karibu nami. Alitazama kokoto muda mrefu. Akachovya kidole mbele yake na mistari mingine miwili ikafunguka kutoka kwenye kidole. Akakisogeza, nayo ikasogea. Mama Mwayuma alikuwa mlangoni anauliza kama tumepata kichaa wote wawili kwa mara moja. "Ni yeye," Papa alisema, mimi sijui kama alikuwa ananiambia mimi. "Ni yeye mwenyewe, wimbi ya panya. Miaka yote hii iko anapita mu kiwanja yangu."

Kuanzia hapo nyumba haikutulia. Tulihitaji kitu kipana, kilichonyooka, tunachoweza kukiinamisha tunavyotaka. Na kitu cha namna hiyo pale parseleni, ndani ya ua wetu, kilikuwa kimoja, mlango wa sebule, mbao za mti wa libuyu zilizopigwa randa. Papa aliung'oa Jumapili wakati mke wake ameenda kusalimia wagonjwa. Aliusugua kwa mchanga na majani makavu, akaupaka mawese yaliyochemshwa mpaka maji yakateleza juu yake kama juu ya jani la gimbi, na tukauweka juu ya matofali karibu na kijito nyuma ya nyumba, tukichepusha maji kwa mfereji wa mwanzi uliopasuliwa. Mama Mwayuma aliporudi alisimama mbele ya nafasi ya mlango, mikono kiunoni. "Baba Zawadi, mbuzi za jirani zitalala na sisi?" Alitundika kikwembe chake, kile kitenge cha kujifunga, pale, na kwa miezi minne ndicho kilichokuwa mlango. Panya wa kwanza tuliwachonga kwa muhogo, maana unachongeka upesi, lakini baada ya siku mbili walilegea na mmoja akaliwa na kuku. Baadaye Papa aliwachonga kwa mti mgumu, akachonga na tumbo la ndege, na midomo miwili pembeni yenye kukutana nyuma, na pale zinapokutana njia tukasimamisha vijiti vya mwanzi vimekaribiana, ndiyo injini. Tulinyunyiza unga wa makaa ili tuone maji yanavyopita. Panya wote wawili wakiwekwa mahali pao, mistari ililala juu ya midomo kama imechorwa kwa rula, na ndani maji yalipanda kidogo, yakapunguza mbio, yakafika kwenye vijiti yamepoa. Niliwaleta wasichana wangu wa darasa la tano. Walikaa wamechuchumaa saa nzima, sare zao zinalowa, wakiniuliza maswali ambayo nilikuwa sijawahi kuulizwa. Na mara ya kwanza tangu niwe mwalimu nilijibu "sijui" bila aibu.

Ilinichukua muda kutambua kwamba Papa mwenyewe hakupenda sana mistari ile ilipokaa sawa. Aliitazama kidogo, kisha akamrudisha panya mmoja nyuma. Kila mara mmoja, na kila mara wa kuume. Maji ya upande ule yalijaa ndani ya mdomo, yakasimama, kisha yakatapikwa nje kwa ghafla. Ya kushoto yakakimbilia nafasi iliyobaki wazi, yakarudi, na vijiti vyote vikatetemeka. Papa alisema mlango haukulala sawasawa. Akaweka kipande cha mti chini ya pembe, akajaribu tena. Au maji yamekuwa mengi leo. Au mdomo umechongwa vibaya. Mimi niliona ni ufundi, mtu anayetafuta usahihi.

Alasiri moja nilikuwa nasahihisha madaftari, mvua inapiga bati mpaka huwezi kusikia neno. Ikakatika kwa mara moja, na sauti ya Mama Mwayuma ikabaki hewani upande wa pili wa matete, ya juu kama vile mvua bado ipo.

"…unatafuta nini mu ile maji?"

"Natafuta kujua," Papa alijibu.

"Unajua toka zamani. Mutoto ya mama mwingine alikufa, na weye ulitia mukono kwenye kartasi."

Niliinua kalamu, nikaogopa hata kuiweka mezani.

"Panya ya kuume ilichelewa kidogo tu," Papa alisema. "Pengine motere ya ndege ingeweza kuvumilia. Pengine ilikuwa kitu kingine. Natafuta ile pengine, Mama Zawadi. Nikiikosa, nitajua ya kufanya."

Jioni hiyo nilikula kidogo, na Mama Mwayuma hakunipakulia mara ya pili. Alikuwa anajua kwamba matete yale hayafichi kitu. Asubuhi Papa alinifuata kijitoni, akakaa juu ya jiwe, na akanieleza bila mimi kuuliza. Kulikuwa na rubani, Luteni Alfonsi Mulonda, mwana wa kijiji cha Wamaza, kule Kabambare. Katika uwanja mzima walikuwa wao wawili tu kutoka upande huu, na siku za mapumziko walipika sombe pamoja na kuzungumza Kiswahili cha nyumbani wakiwachekesha wengine. Asubuhi moja, wageni wakubwa wanangojewa kuja kutazama ndege zikiruka, Papa aliwajaribu panya ndege ikiwa chini, kama kila siku. Wa kushoto alitoka vizuri. Wa kuume alitoka, akasita, akakwama nyuma kwa upana wa vidole vitatu. Alimwambia mkubwa wake. Mkubwa akasema wageni wako njiani, itatengenezwa kesho, tia sahihi. Akatia. "Sikupigwa," alisema. "Sikutishwa. Alisema tu tia, nikatia. Na Alfonsi alipita mbele yangu, akaniuliza iko sawa? Nikamwambia iko sawa." Injini ilizimika juu, ndege ikiwa katika mwendo wake mkubwa, ikaanguka naye. Ripoti ilisema rubani alikuwa amelewa na alichezea ndege. Papa hakuulizwa kitu. Miezi mitatu baadaye aliomba kutoka jeshini akisema macho yake yamedhoofika.

Nilikuwa na miaka ishirini na nilikuwa mkali kama watu wa umri huo. Nilimwambia kwamba kutafuta kwake kulikuwa si kutafuta. Kila mara jibu lilipokuja alisogeza mlango. Nikamwambia kama anataka kujua, tufanye kwa utaratibu: tusibadilishe vitu viwili kwa pamoja, tupime kimo cha maji kila mara, na tuandike, hata lile tusilolipenda. Nilitegemea akasirike. Alisema, "Leta daftari."

Tulifanya kwa wiki mbili, saa za alasiri nikitoka shuleni. Tulimrudisha panya kwa unene wa kijiti cha kiberiti, kisha viwili, kisha vitatu. Tulibadilisha upande, wa kushoto akawa ndiye mchelewaji, ili ikiwa kosa ni la mlango lijulikane. Kwa kijiti kimoja maji yalitikisika tu, yakatulia. Kwa viwili wakati mwingine yalitulia na wakati mwingine hapana. Papa alipiga hesabu ya vidole vitatu vya ndege ya kweli kwa kipimo cha ndege yetu ya mti. Ikatoka zaidi kidogo ya vijiti vinne. Kwa vinne yalitapikwa. Kuume, kushoto, maji mengi, maji machache, yalitapikwa kila mara. Siku ya mwisho niliweka kalamu chini, na nilipouona uso wake nilimhurumia, nikasema jambo ambalo pia lilikuwa kweli: "Papa, maji si hewa. Mlango si ndege. Hatuwezi kusema kwa hakika."

"Usinitafutie njia ya kutokea, Mwalimu," alisema polepole. "Nilikuwa nazo nyingi."

Tulikwenda Wamaza kiangazi, shule ilipofungwa. Mama Mwayuma ndiye aliyesema niende. Alisema mtu akienda peke yake anaweza kugeuka njiani. Tulikuwa na baiskeli mbili, tukaziendesha pale njia iliporuhusu na kuzisukuma mahali pengi, tukalala mara moja kwa watu waliomjua Papa kwa ajili ya mashine yao. Nyumba ya mama yake Alfonsi ilikuwa nje kidogo ya kijiji, imepakwa chokaa, na Mama Vumilia mwenyewe alikuwa barazani anabangua karanga. Alikuwa mwanamke mrefu, mifupa tu, na alitukaribisha kabla ya kuuliza sisi ni nani. Ndani, alikotuingiza na ungo wake, kulikuwa na viti viwili vya ngozi, msalaba, na ukutani misumari miwili mitupu ambayo chini yake palikuwa na mraba mweupe, mahali picha ilipowahi kukaa. Papa hakukaa. Alisimama ameshika kofia, akasema jina lake, akasema kazi yake, akasema yote: vidole vitatu, kartasi, "iko sawa". Karanga ziliendelea kudondoka kwenye ungo mpaka alipofika kwenye sahihi. Hapo mikono ya Mama Vumilia ilisimama.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa," alisema.

"Hapana, Mama. Chai tu, tulikunywa pamoja."

"Hakuchezea ndege."

"Hapana. Nilikuwa kwenye redio. Nilimusikia."

Aligeuka akamtazama kwa mara ya kwanza. "Alisema nini?"

"Alisema: motere inakohoa, niko nawasha tena. Mara mbili alisema vile. Haikuandikwa."

"Sauti yake ilikuwa namna gani?"

Papa alifikiri. Naona bado alivyofikiri, uso umekunjamana, hataki kumpa jibu zuri ambalo si la kweli. "Sauti ya mutu mwenye kuwa mu kazi," alisema.

Mama Vumilia aliingia chumbani, akakaa huko mpaka jua lilipopita upande wa pili wa nyumba. Alipotoka aliniwekea mimi chakula, bugali na maharagwe, akaniita binti. Papa hakuwekewa. Alikaa barazani ameegemea ukuta, na nilipojaribu kumpelekea sahani yangu alitikisa kichwa. Asubuhi nilipoamka niliwakuta wawili hao barazani, mbali mbali, na Mama Vumilia ndiye alikuwa anauliza. Alitaka kujua panya ni kitu gani. Alitaka kujua hewa inaingiaje, kwa nini inafaa ipoe, na kwa nini mmoja akichelewa mwingine hawezi kumsaidia. Aliuliza kama mtu anayepima kitambaa, hasogei mbele mpaka amehakikisha. Papa alichora chini kwa kijiti. Nilikuwa nimezoea kumwona akieleza kwa furaha. Sasa alieleza kwa uangalifu, kama anabeba kitu kilichojaa hadi ukingoni.

"Na ile kelele kubwa," mama aliuliza, "ile yenye kutisha watu chini, yeye kule ndani alikuwa anaisikia?"

"Hapana, Mama. Ukipita sauti, kelele yako inabaki nyuma. Sisi chini njo tunaipata. Yeye anasikia motere yake kidogo, na pumzi yake mu maski."

"Basi alikuwa mu kimya," alisema, na akarudia kwa ajili yake mwenyewe, "alikuwa mu kimya."

Jumapili alitupeleka kanisani. Katekista alikuwa amekwisha kutoa matangazo, Mama Vumilia akasimama bila kuomba ruhusa, akasema: "Huyu baba ana neno. Mulisikia ya kwanza miaka mingi, musikie na hii." Papa alisema mbele ya kanisa zima. Sauti yake ilimpotea mara moja tu, aliposema chai. Watu wale walikuwa wamemwimbia mama yule wimbo wa mlevi kisimani. Baba yake Alfonsi alikuwa amekufa bila kurudi tena katika kikao cha wazee tangu ripoti ile. Mzee mmoja alitoka nje katikati ya maneno na hakurudi. Wengine walitazama chini. Kisha Papa aliandika yale yale kwenye karatasi mbili, akatia sahihi, moja ikabaki kwa katekista na nyingine ikapelekwa Kasongo iende kwa wakubwa wa jeshi. Zawadi aliniandikia baadaye kwamba kwa miezi mingi baba yake alikuwa anasikiliza kila gari linalosimama barabarani. Hakuna aliyekuja kumchukua, na hakuna aliyejibu barua. Lakini siku ile hakuwa anajua hilo, wala mimi.

Mama Vumilia alitusindikiza hadi mwisho wa mashamba yake ya karanga. Alinikumbatia mimi. Kisha akamgeukia Papa.

"Mi sikusamehe bado," alisema. "Sitaki udanganye watu kama nilikusamehe."

"Sitasema, Mama."

"Mwaka kesho urudi. Uniambie tena. Kuna vitu nitakuwa nimefikiri kukuuliza."

Alirudi mwaka ule uliofuata, na mingine, nilijua kwa barua za Zawadi, maana mimi nilikuwa nimeondoka kwenda kusoma fizikia, jambo ambalo kabla ya mwaka ule halikuwa limenipitia akilini. Kama alisamehewa, hakuniambia, nami sikuwahi kuuliza. Ninachokumbuka ni njia yetu ya kurudi. Tulisukuma baiskeli siku nzima. Siku ya pili tulifika kwenye mto mdogo wenye daraja la magogo, Papa akasimama katikati ya daraja kutazama maji yakipita juu ya mwamba mpana. Nilidhani analia, nikakaa nyuma kumwachia nafasi.

"Mwalimu," aliniita. "Kuja hapa. Kama midomo ingekuwa mbali kidogo na motere, si hewa ingepata fasi ya kutulia mbele ya kufika? Hata panya akichelewa?"

Nilisogea karibu naye, nikatazama pale alipokuwa anaonyesha. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza juu ya ndege isiyokuwa ile moja ya Alfonsi.

"Sijui, Papa," nilimwambia. "Fasi ya urefu gani?"

Akaweka baiskeli chini, akafungua mikono yake miwili juu ya maji kunionyesha.